Max Mathews, fundi wa telefoni aliyefundisha kompyuta kupiga muziki

Jioni, umeme ukirudi katika mitaa ya Manika na Dilala, utaona kijana anafungua kompyuta yake na kuanza kutengeneza muziki. Hana gitare, hana ngoma, hana orkestra ya kumsindikiza. Anachagua mlio wa ngoma, anaongeza bezi, anapanga noti moja moja kwenye kioo. Umeme ukikubali kukaa, wimbo utakuwa tayari kwa mwimbaji kabla ya usiku wa manane. Hapa Kolwezi kazi hiyo imezoeleka mpaka watu wanaona kama ilikuwako tangu zamani.

Lakini ilikuwa na mwanzo. Ilianza mwaka 1957 huko Marekani, ndani ya nyumba ya utafiti ya kampuni ya telefoni, na aliyeianzisha alikuwa injinia aliyepiga violini bila kuwa bingwa. Jina lake Max Mathews. Watu mingi wanaotumia kompyuta kutunga muziki hawajapata kulisikia jina hilo, ila kila siku wanapita katika njia aliyoifungua. Wale wa kazi wanamuita baba wa muziki wa kompyuta.

Mtoto wa walimu na violini yake

Max Vernon Mathews alizaliwa tarehe 13 mwezi wa 11, mwaka 1926, huko Columbus, mji mdogo wa jimbo la Nebraska. Ni eneo la mashamba makubwa ya mahindi katikati ya Marekani, mbali na miji yenye kelele. Baba na mama yake wote wawili walikuwa walimu. Akiwa mtoto alijifunza violini shuleni, na violini hiyo hakuiacha mpaka uzee.

Hakuwa mpigaji mkubwa, na mwenyewe alilijua hilo. Masikio yake yalisikia kitu kimoja, vidole vyake vikatoa kingine. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu linaeleza sehemu kubwa ya maisha yake. Alipenda muziki kuliko alivyoweza kuupiga, na kwa miaka zaidi ya 50 alitafuta chombo ambacho kingemsaidia mtu wa namna yake.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia aliingia katika jeshi la majini la Marekani, na huko akafundishwa kazi ya kutengeneza redio. Kisha vita alirudi shuleni. Alisoma uinjinia wa umeme kwenye California Institute of Technology, halafu akaenda MIT, chuo kikubwa cha ufundi huko Massachusetts, na kupata udaktari mwaka 1954. Mwaka uliofuata, 1955, aliandikwa kazi Bell Telephone Laboratories, fasi inayoitwa Murray Hill, jimbo la New Jersey, karibu na New York.

Bell ilikuwa nyumba ya utafiti ya kampuni kubwa ya telefoni ya Marekani, AT&T. Ndani ya nyumba hiyo, mwaka 1947, kulivumbuliwa tranzista, kile kidude kidogo kilichowezesha redio za betri kuingia katika kila nyumba, hata vijijini. Kampuni ilikuwa na makuta, na wakubwa wake walijua kwamba mtafiti akiachiwa nafasi kidogo anaweza kuleta kitu ambacho hakuna aliyemtuma kukitafuta.

Sauti inageuka namba

Kazi ya Mathews ilikuwa telefoni. Wakati ule, injinia akitaka kujua kama mtambo mpya wa telefoni utapitisha sauti vizuri, sherti aujenge kwanza, waya kwa waya. Ukishindwa, anavunja na kuanza tena. Ilikula miezi na ilikula makuta. Mathews na wenzake wakafikiri njia nyingine: kugeuza sauti ya mtu kuwa namba, kuziingiza namba hizo katika kompyuta, kompyuta ifanye hesabu kama vile ni mtambo wenyewe, kisha namba zirudishwe kuwa sauti ili watu wasikie matokeo.

Namna gani sauti inakuwa namba? Sauti ni hewa inayotikisika. Mikrofoni inageuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Ukipima umeme huo mara elfu mingi katika sekunde moja, na kila kipimo ukakiandika, unapata orodha ndefu ya namba. Kwenye plake ya CD, kila sekunde ya muziki ina namba 44,100, na hiyo ni kwa sikio moja tu. Ukizirudisha namba hizo kuwa umeme na kuupeleka kwenye bafle, sauti inarudi kama ilivyokuwa.

Hapo Mathews aliona kitu ambacho wengine walikipita. Ikiwa bafle inapokea namba tu, haijali zimetoka wapi. Zinaweza kutoka kwenye mdomo wa mtu aliyesema mbele ya mikrofoni. Zinaweza pia kutoka kwenye hesabu tupu, bila mdomo, bila kamba, bila ngozi ya ngoma. Sauti yoyote ambayo sikio la mtu linaweza kusikia, iko orodha ya namba inayoweza kuitoa. Kazi ni kuipata orodha hiyo.

Mkubwa wake wa kazi, John Pierce, naye alipenda muziki. Siku moja wawili hao walienda kusikiliza mpiga piano. Nyimbo zingine ziliwafurahisha, zingine ziliwachosha. Wakati wa mapumziko Pierce alimwambia kwamba kompyuta ingeweza kufanya vizuri kuliko vile, na akamshauri aandike programu ya kujaribu. Mzaha wa wafanyakazi wawili ukageuka kazi ya maisha mazima.

Sekunde 17

Programu hiyo ilipewa jina fupi: MUSIC. Ilikuwa mwaka 1957. Kompyuta yenyewe ilikuwa IBM 704, mashini kubwa iliyojaza chumba, inayofanya kazi kwa taa za umeme kama redio za zamani. Haikuwa na kioo cha kuangalia wala panya ya kushika kwa mkono. Mtu aliandika maagizo yake kwa kutoboa matundu kwenye kadi, akazipanga kadi kwa zamu, akazipeleka, kisha akangoja.

Tena kompyuta haikuwa Murray Hill. Ilikuwa New York, kwenye jengo la kampuni ya IBM. Mathews na wenzake walisafiri na kadi zao mpaka kule, wakalipa saa za mashini, wakarudi na utepe wa sumaku wenye namba. Kule Murray Hill njo kulikuwa na chombo cha kugeuza namba kuwa sauti. Hivyo mtunzi alitunga siku moja na kusikia baadaye, kama mtu anayetuma barua na kungojea jibu.

Wimbo wa kwanza ulidumu sekunde 17. Uliandikwa na Newman Guttman, mwenzake wa kazi, mtaalamu wa lugha na usikivu. Ulikuwa na sauti moja tu, na kila noti ilianza ghafla na kukatika ghafla. Haukuwa wimbo mzuri, na Mathews hakujaribu kuusifu. Aliyejua kusikiliza alisikia kitu kingine: mlango umefunguka.

Haki inataka isemwe kwamba kompyuta zingine zilikuwa zimekwisha kupiga nyimbo kabla ya hapo. Mwaka 1951, huko Australia na huko Manchester, Uingereza, watu wa kompyuta walifanya mashini zao zilie noti za nyimbo zinazojulikana. Lakini zile zililia namna moja tu, kama honi ya gari inayobadilishwa urefu wa mlio. Njia ya Mathews haikuwa na mpaka huo. Kwake yeye mlio wenyewe ulitungwa, sawa vile noti zinavyotungwa.

Katika miaka hiyohiyo Kolwezi ilikuwa mji wa Union Minière, chini ya utawala wa Wabelgiji, na muziki wa eneo hili ulikuwa unapita njia yake. Mwaka 1952, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey alikuwa amemrekodi kijana mmoja wa Bunkeya aitwaye Mwenda Jean-Bosco. Kwa vidole viwili vya mkono wa kuume, gumba na cha shahada, Mwenda aliifanya gitare moja isikike kama gitare mbili. Mathews na Mwenda hawakujuana. Lakini wote wawili walikuwa na swali moja: mtu mmoja, peke yake, anaweza kutoa muziki wa watu wangapi?

Masanduku na waya za maneno

Baada ya MUSIC ya kwanza ilikuja ya pili mwaka 1958, yenye uwezo wa kutoa sauti nne kwa pamoja. Ya tatu, mwaka 1960, njo iliyobadilisha kila kitu.

Mathews aliona kwamba hakuna programu moja itakayowatosha watunzi wote. Kila mtu ana sikio lake. Basi badala ya kuwapa ala iliyokwisha kutengenezwa, aliwapa vipande vya kujijengea ala. Kipande kimoja kinatoa mtikisiko. Kingine kinajumlisha sauti mbili. Kingine kinaamua sauti ianze polepole au kwa nguvu, idumu au ife mara moja. Mtunzi anaviunganisha anavyotaka, sawa fundi wa umeme anavyopeleka waya kutoka sanduku hili mpaka lile. Tofauti ni kwamba hapa waya ni maneno yaliyoandikwa.

Tena aligawanya kazi pande mbili. Upande mmoja mtunzi anaandika orkestra yake, maana yake ni kueleza kila ala imejengwa namna gani. Upande wa pili anaandika noti: ala gani ilie, saa gani, kwa muda gani, juu au chini, kwa nguvu kiasi gani. Kijana wa Manika anayechagua mlio kwanza na kupanga noti kisha, anafuata mgawanyo huohuo. Rangi na vioo vimekuja baadaye, lakini mifupa ni ileile.

Programu ya nne ilifuata mnamo 1963. Ya tano ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa hiyo Mathews alifanya uamuzi mkubwa. Zile za kwanza ziliandikwa kwa lugha ya mashini moja, hivyo mashini ikibadilishwa, kazi yote inakufa. MUSIC V aliiandika zaidi kwa FORTRAN, lugha ya programu iliyoeleweka na kompyuta za aina mingi. Chuo chochote chenye kompyuta kubwa kingeweza kuichukua na kuitumia. Mwaka 1969 alitoa kitabu kinachoeleza jinsi ya kuitumia, The Technology of Computer Music. Hakufunga mlango nyuma yake.

Waliokuja na kuchukua

Mwaka 1963 Mathews aliandika makala katika gazeti la sayansi liitwalo Science, akieleza kwamba kompyuta ni ala ya muziki. Makala hiyo ilifika mikononi mwa mwanafunzi wa muziki huko Stanford, California, John Chowning. Chowning alikuwa mpiga ngoma, hakuwa injinia, na kompyuta hakuijua. Mwaka 1964 alisafiri mpaka Murray Hill kumuona Mathews, akarudi na sanduku la kadi za programu.

Mwaka 1967 Chowning aligundua njia rahisi ya kupata milio mikubwa kwa hesabu kidogo: mtikisiko mmoja kuutikisa mwingine. Chuo cha Stanford kiliuza haki ya kutumia njia hiyo kwa kampuni ya Yamaha ya Japani, na mwaka 1983 ikatoka Yamaha DX7, kinanda kilichouzwa sana duniani. Milio ya vinanda vya namna hiyo ilijaa katika muziki wa Afrika wa miaka ya 1980. Waliocheza dansi katika miaka hiyo walisikia kazi ya sanduku lile la kadi bila kujua.

Kutoka Ufaransa alikuja Jean-Claude Risset, mtu wa fizikia na mtunzi wa muziki. Yeye alitaka kujua kwa nini tarumbeta ya kompyuta inasikika kama kitu bandia. Kwa kupima sauti ya tarumbeta ya kweli aliona siri yake: mpigaji akipuliza kwa nguvu zaidi, sauti haiongezeki ukubwa tu, inaongezeka pia ukali, milio ya juu inazidi. Alipoiambia kompyuta ifanye vilevile, tarumbeta ikasikika. Kazi yao haikuwa muziki peke yake. Ilifundisha dunia namna sikio la mtu linavyotambua vitu.

Mwaka 1961 ulikuja wimbo uliojulikana kuliko yote. Pale Bell, John Kelly na Carol Lochbaum walikuwa wamefaulu kuifanya kompyuta itoe sauti ya mtu. Waliifanya iimbe Daisy Bell, wimbo wa zamani wa mapenzi, na Mathews akatengeneza muziki wa kuisindikiza. Mwandishi Arthur C. Clarke alipotembelea Bell aliusikia, na haukumtoka kichwani. Njo sababu katika filamu 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, kompyuta inayozimwa kidogo kidogo inaimba wimbo huohuo mpaka sauti inazama. Wengi waliotazama walidhani ni mawazo ya watu wa filamu tu, kumbe kompyuta ilikuwa imekwisha kuimba.

Kurudisha mkono

Lakini Mathews alikuwa na tatizo ambalo yeye mwenyewe alilisababisha. Programu zake ziliweza kutoa sauti yoyote, ila hakuna mtu aliyeweza kuzipiga. Ulitunga, ukapeleka, ukangoja, ukasikia. Ukikosea noti moja, unaanza tena. Mpiga violini hafanyi hivyo. Anavuta upinde, anasikia, anarekebisha palepale. Anaangalia watu, anaongeza mwendo wakicheza, anapunguza wakichoka. Kompyuta ilikuwa imepata sauti na kupoteza mkono.

Miaka yake iliyobaki aliitumia kurudisha mkono huo. Mwaka 1970, pamoja na F. Richard Moore, alionyesha mtambo ulioitwa GROOVE. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na mbio za kuhesabu kila mtikisiko wa sauti palepale. Basi waliiachia mitambo ya umeme kazi ya kutoa sauti, na kompyuta ikabaki na kazi ya kuiongoza. Mtu aligusa vifungo na vijiti, kompyuta ikakumbuka kila mguso, naye akaweza kurudi na kurekebisha sehemu moja bila kuharibu zingine. Mtunzi Laurie Spiegel alitumia GROOVE kutunga kazi zake katika miaka ya 1970, na amebaki mmoja wa wanawake wanaoheshimiwa katika muziki wa kompyuta.

Mathews alitengeneza pia violini za umeme, akitafuta mlio uliokuwa unamkimbia tangu utoto. Kuanzia 1974 mpaka 1980 alikuwa mshauri wa sayansi wa IRCAM, nyumba ya utafiti wa muziki iliyoanzishwa Paris na mtunzi Pierre Boulez. Huko injinia na watunzi walikaa meza moja, jambo ambalo lilikuwa geni.

Katika miaka ya 1980 alitoa chombo alichokipenda kuliko vyote, Radio Baton. Ni fimbo mbili, kama za mpiga ngoma, na ubao wa kuweka mezani. Ndani ya kila fimbo kuna kidude kinachorusha mawimbi ya redio, na ubao unayapokea ili kujua fimbo iko wapi: kushoto, kuume, juu, chini. Noti za wimbo zimekwisha kuwekwa katika kompyuta. Mtu akipiga hewa kwa fimbo moja, wimbo unakwenda kwa mwendo wa mkono wake. Kwa fimbo ya pili anaongeza au kupunguza nguvu ya sauti. Ni kazi ya mwalimu wa kwaya anayesimama mbele ya waimbaji: haimbi mwenyewe, lakini bila mkono wake kwaya inapotea.

Kwa chombo hicho mtu ambaye vidole vyake si vya bingwa aliweza kuongoza muziki mgumu na kuupa moyo wake. Ule mtoto wa Nebraska aliyehangaika na violini alikuwa amepata jibu lake.

Swali la wapiga gitare

Si kila mtu alimshangilia. Tangu mwanzo wanamuziki mingi waliona kazi yake kama hatari. Walisema mashini haina moyo, na kwamba siku moja itawanyanganya wapigaji mkate wao. Pale Bell kwenyewe muziki haukuwa kazi rasmi. Kazi rasmi ilikuwa telefoni, na bila Pierce kumkingia kifua, huenda programu ile ingeishia kwenye sekunde 17.

Hofu ile haikuwa ya bure. Kwenye ndoa na sikukuu mingi za leo, Kolwezi na Likasi, mtu mmoja na kompyuta yake anashika nafasi ya orkestra nzima. Mpiga gitare aliyejifunza miaka kumi anamuona kijana aliyejifunza miezi miwili akichukua kazi. Kwa mpiga gitare huyo, kusema kwamba teknolojia inaendelea hakulipi kodi ya nyumba.

Maisha ya Mathews hayaondoi swali hilo, lakini yanaonyesha upande mmoja ambao mara mingi unasahaulika. Mtu aliyeipa kompyuta sauti ndiye aliyeona mapema kwamba sauti peke yake haitoshi. Alikuwa na mashini inayopiga noti zote bila kukosea, na bado alikaa miongo mitatu akitafuta namna ya kumuweka mtu ndani yake. Risset aliyekuwa anatafuta tarumbeta nzuri alienda kwanza kusikiliza mpuliza tarumbeta. Chowning aliyegundua njia mpya alikuwa mpiga ngoma. Waliofika mbali na kompyuta walikuwa watu wenye masikio yaliyofundishwa na ala za kweli. Kijana wa kompyuta akimkimbia mpiga gitare wa mtaa wake, anamkimbia mwalimu.

Kilichobaki

Mwaka 1987 Mathews aliacha Bell na kwenda Stanford kuwa profesa wa utafiti katika muziki, kwenye nyumba ileile ya muziki wa kompyuta ambayo Chowning na wenzake waliianzisha. Aliendelea kufundisha na kutengeneza vyombo mpaka uzee. Alikufa San Francisco tarehe 21 mwezi wa nne, mwaka 2011, akiwa na miaka 84.

Kabla ya kufa aliona jina lake likiwekwa juu ya kazi ya mwingine. Katika miaka ya 1980, pale IRCAM, Miller Puckette aliandika programu ambayo mtu anachora masanduku kwenye kioo na kuyaunganisha kwa mistari, na muziki unatoka. Aliiita Max, kwa heshima ya Mathews. Wanamuziki wa inchi mingi wanaitumia mpaka leo. Kisha, katika miaka ya 1990, Puckette alitoa nyingine ya namna hiyo, Pure Data, ambayo mtu anaichukua bure. Barry Vercoe wa MIT alikuwa ametoa Csound mwaka 1986, mjukuu wa moja kwa moja wa programu za MUSIC, yenye orkestra upande mmoja na noti upande mwingine. Nayo ni bure. SuperCollider ya James McCartney, iliyotoka 1996, nayo baadaye ikaachiwa wote, na kwa programu hiyo watu wanaandika maagizo mbele ya watazamaji na muziki unabadilika palepale.

Habari hizi zinawahusu wakaaji wa Lualaba kwa sababu nyingine pia. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa inatoka katika ardhi ya jimbo hili. Kobalti hiyo inaingia katika betri za kompyuta mingi za kubeba. Shaba inaingia katika waya zake. Madini yanaondoka kwa malori kupitia Kasumbalesa, na kompyuta inarudi kwa bei ambayo mchimbaji hawezi kuilipa kwa urahisi. Katika safari hiyo mtu wa Kolwezi anauza kwa bei ndogo na kununua kwa bei kubwa.

Lakini sehemu moja ya kompyuta haiuzwi, nayo ni ile Mathews na wanafunzi wake waliyoiacha wazi. Pure Data na Csound hazidai kompyuta mpya. Mashini ya mtumba inatosha, na programu inanakiliwa kwa kidole cha USB kutoka kwa rafiki mpaka rafiki bila kuvunja sheria na bila kuogopa virusi vya programu za kuiba. Kinachodaiwa ni kujifunza. Maelezo yake mengi yako kwa Kiingereza, machache kwa Kifaransa, na mwanzoni yanachosha, kwa sababu hakuna milio iliyokwisha kupikwa. Mtu anaanza na mtikisiko mmoja, kama Guttman mwaka 1957.

Faida yake ni kwamba milio hiyo inakuwa yake. Leo vijana mingi wa Kolwezi, wa Goma na wa Bukavu wanatumia milio ileile iliyotengenezwa mbali, na nyimbo zao zinafanana na za kila mahali. Ila mtu anayejua kujenga ala kwa namba anaweza kuijenga likembe ya kijiji chake, kwa urekebisho wake wenyewe wa noti, hata ule ambao kinanda cha dukani hakiujui. Anaweza kupima namna gumba na kidole cha shahada vinavyopishana katika gitare ya Katanga, na kuiambia kompyuta ifuate mwendo huo.

Kwa kufanya hivyo sherti kwanza aende kumsikiliza mtu anayeijua ile gitare, angali hai. Wazee wanaoipiga namna ile wanapungua kila mwaka, na orodha ya namba za mkono wao hakuna kompyuta itakayoitunga peke yake.